Akwariumu ya okazioni inayovuja: namna ya kuifunga tena na silikoni, na wakati gani kuiacha

Katika miji yetu ya Uvira, Bukavu na Goma, akwariumu si kitu cha kila nyumba. Inaonekana zaidi mu hoteli, mu restora, mu vyumba vya kungojea, na kwa vijana wachache wanaopenda kuchunga samaki. Mupya ni ghali sana na haipatikani kila siku. Ndiyo maana nyingi zinazouzwa ni za okazioni: mwenyewe anahama, anauza vitu vya nyumba, na sanduku ya vioo inaenda kwa bei ya chini.

Shida inakuja nyumbani. Inawekwa juu ya meza, inajazwa maji, asubuhi watu wanakuta sakafu imelowa. Wengine wanaitupa, wengine wanapakaa gundi yoyote kwa inje, na kisha siku chache inaanza kuvuja tena. Lakini mara nyingi akwariumu ya namna hiyo inaweza kupona na tube moja ya silikoni, wembe, na uvumilivu wa juma moja. Mara zingine haifai kabisa kuirudishia maji. Hapa tunaeleza namna ya kutofautisha hizo mbili, na kazi yenyewe inavyofanyika.

Akwariumu inashikiliwa na nini?

Akwariumu nyingi za leo hazina misumari wala chuma. Ni vioo vitano: kimoja cha chini, viwili virefu vya mbele na nyuma, viwili vifupi vya pembeni. Kinachovishikilia ni silikoni tu. Kama kuna fremu ya plastiki juu na chini, inasaidia, lakini silikoni ndiyo inabeba kazi kubwa.

Silikoni hiyo iko sehemu mbili, na ni lazima kuzijua. Ya kwanza iko katikati ya kioo na kioo, pale vinapokutana. Ni nyembamba, na ndiyo inashikilia sanduku lote. Tuiite silikoni ya kubeba. Ya pili ni ule mstari unaoonekana ndani kwenye pembe, unaojaza kona. Huo unalinda ile ya kwanza na kuzuia maji. Tuuite mstari wa ndani.

Miaka ikipita, mstari wa ndani unachoka. Watu wanausugua na wembe wakati wa kutosha majani ya kijani, samaki wakubwa wanaukwaruza na mawe. Akwariumu ikikaa miezi mu depo bila maji, juani, silikoni inaanza kuachana na kioo. Na ikibebwa kwa gari kwenye barabara ya mashimo, bila kitu laini chini yake, vioo vinavutana na kona zinafunguka.

Nguvu ya maji

Wengi wanafikiri akwariumu ndefu ndiyo ya hatari. Kumbe kinachosukuma kioo ni kimo cha maji. Tuchukue akwariumu ya urefu wa sentimita 100, upana 40, kimo 50. Inaingiza litre 200, ni kusema kilo 200 za maji. Kioo cha mbele peke yake kinasukumwa na nguvu sawa na uzito wa kilo 125. Mukiweka maji nusu tu, sentimita 25, nguvu hiyo haishuki kwa nusu: inashuka hadi robo, karibu kilo 31.

Hesabu hii inatufundisha mambo mawili. Kwanza, akwariumu isiyovuja ikiwa nusu inaweza kuvuja ikijaa. Jaribio la maji kidogo halitoshi. Pili, kiraka cha inje hakina maana. Maji yanasukuma kutoka ndani kwenda inje: ukipakaa kwa ndani, maji yenyewe yanagandamiza silikoni kwenye kona. Ukipakaa kwa inje, maji yanaisukuma mpaka iachane na kioo.

Kabla ya kutoa pesa

Mukienda kuangalia akwariumu ya okazioni, muombe kuiona mchana, ikiwa tupu na imepanguswa. Muangalie haya:

– Vioo. Pitisha kidole polepole kwenye ncha zote. Kipande kidogo kilichomeguka kwenye ncha ya juu si kitu kikubwa. Lakini ufa unaotembea ndani ya kioo ni sababu ya kuiacha. Silikoni haiponyeshi ufa.

– Silikoni ya kubeba. Angalia kona kwa inje, mwanga ukiwa nyuma. Ikionekana sawasawa, bila nafasi, ni vizuri. Mukiona madoa meupe yenye kung'aa, povu za hewa zilizoungana kutoka ndani mpaka inje, au kioo kinacheza mukikisukuma kidogo na mkono, basi imeachana.

– Unene wa kioo. Kwa akwariumu ndogo ya sentimita 60, kioo cha milimita 6 kinatosha. Kwa ile ya mita moja yenye kimo cha sentimita 50, tafuteni milimita 8 mpaka 10. Kioo cha madirisha cha milimita 4 hakifai hapo, hata kama muuzaji anaapa.

– Alama za kazi ya zamani. Silikoni za rangi mbili tofauti, moja juu ya ingine, zinaonyesha kwamba mtu alikwisha kujaribu kufunga na hakumaliza vizuri. Bei inapaswa kushuka.

Kutafuta mahali maji yanatokea

Iweke akwariumu inje au mu chumba cha karo, mahali pa sawasawa, juu ya frigoliti, ile kitu nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya katoni ya televisheni. Kama ina fremu ya plastiki chini, frigoliti haihitajiki. Panga magazeti makavu pande zote nne. Pangusa vioo vyote kwa inje mpaka vikauke kabisa.

Jaza robo. Ngoja saa moja au mbili. Jaza nusu, ngoja tena. Kisha jaza. Gazeti litalowa kabla ya macho yenu kuona tone. Mukiona mahali, piga alama kwa inje na marker. Lakini musisimame kwenye alama ya kwanza: maji yanaweza kuingia kwenye tundu moja juu na kuteremka ndani ya kona mpaka chini. Pale yanapoonekana si kila mara pale yanapopitia.

Kama mvujo ni mdogo sana, fanyeni hivi: piga alama ya kimo cha maji, na uache mpaka kesho na keshokutwa. Maji yakishuka na kusimama mahali pamoja, tundu liko kwenye kimo hicho. Yakiendelea kushuka, tundu liko chini zaidi.

Na tahadhari: maji yanapungua pia kwa kukauka hewani. Ili musidanganyike, weka beseni ya maji karibu, piga alama na yenyewe. Vikishuka sawasawa, akwariumu haivuji. Vilevile, maji ya baridi yanafanya kioo kitoe jasho kwa inje, na jasho si mvujo. Muache maji yafikie joto la chumba kwanza.

Kuamua: njia tatu

Silikoni ya kubeba ikiwa nzima na ni mstari wa ndani tu umechoka: toa mstari wa ndani wote, weka mupya. Hii ndiyo kazi ambayo mtu yeyote mwenye subira anaweza kufanya, na ndiyo tutaeleza.

Silikoni ya kubeba ikiwa imeachana: sanduku lote linafunguliwa, vioo vinasafishwa, linajengwa upya. Hapo inaomba watu wawili na mkono uliozoea. Ni bora kumuita fundi wa vioo, na kukaa karibu naye ili atumie silikoni inayofaa samaki.

Kioo kikiwa na ufa: kibadilishwe, ama sanduku lisirudishiwe maji tena. Akwariumu ndogo isiyo na maji bado ina kazi: inaweza kuwa sanduku ya kuonyesha mandazi sokoni, inzi wasifike.

Silikoni gani?

Hapa ndipo samaki wengi wanauawa bila mwenyewe kujua. Mu kenkayeri zetu zinauzwa silikoni za namna nyingi, na kwa macho zinafanana. Musome tube.

Ile iliyoandikwa « aquarium » ndiyo bora. Ikikosekana, tafuta silikoni safi, « 100 % silicone », ya namna inayonuka vinegre ikitoka mu tube. Harufu hiyo ni asidi inayotoka wakati silikoni inakauka. Ikimaliza kukauka, harufu inaisha.

Lakini harufu ya vinegre peke yake haitoshi. Musichukue tube iliyoandikwa « sanitaire », « anti-moisissure » au « salle de bain », hata kama inanuka vile. Hizo zimetiwa dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo inatoka polepole ndani ya maji na kuua samaki. Musichukue pia « acrylique », ile inayooshwa na maji na kupakwa rangi: haishiki chini ya maji. Na kama maandishi yamefutika au tarehe imepita, iache, juu silikoni ya zamani inaweza kubaki laini bila kukauka.

Kiasi? Akwariumu yetu ya mita moja ina kona za ndani za urefu wa mita 4 na sentimita 80 kwa jumla. Tube moja ya mililitre 310 inatosha na inabaki. Ongezeni pistole ya silikoni, wembe mupya tatu au nne, skochi ya karatasi, alkoli au asetoni, vitambaa safi visivyotoa nyuzi, na glavu.

Kazi yenyewe

1. Kausha. Toa maji, mchanga na mawe yote. Musibebe kamwe akwariumu yenye maji, hata kidogo, juu ndiyo njia ya haraka ya kufungua kona zingine. Iache siku moja ikauke.

2. Toa mstari wa ndani wote. Juu ya nini wote, na si pale panapovuja tu? Juu silikoni mupya haishiki vizuri juu ya silikoni iliyokwisha kukauka. Ukiweka kiraka, maji yatapita mu mpaka wa zamani na mupya. Laza wembe kwenye kioo, karibu ulale kabisa, kata upande mmoja wa mstari, kisha upande wa pili. Vuta, itatoka kama kamba. Wembe usiingie katikati ya vioo viwili: hapo mutakata silikoni ya kubeba, na kazi ndogo itakuwa kazi kubwa. Watoto wakae mbali.

3. Kwaruza mabaki. Hii ndiyo sehemu inayochosha, na ndiyo inayoamua kama kazi itadumu. Pitisha kidole: pale panapovuta kidole, silikoni ingali. Rudia mpaka kioo kiteleze.

4. Safisha na alkoli au asetoni. Tumia kitambaa safi, badilisha mara kwa mara. Musitumie sabuni, inabakiza mafuta. Asetoni inashika moto upesi: isitumike karibu na mbabula, mushumaa wala sigara, na madirisha yawe wazi. Kisha hapo musiguse kona na vidole, hata vikiwa safi.

5. Bandika skochi ya karatasi. Mstari mmoja kila upande wa kona, ukiacha kama milimita 6 mpaka 8 za kioo kila upande. Hii inafanya mstari uwe sawasawa na inapunguza usafi wa mwisho.

6. Piga silikoni. Kata ncha ya tube kwa mshazari. Anza na kona nne za kusimama, kisha zile za chini. Sukuma bila kusimama, mstari uwe mmoja, bila povu. Ngozi ya juu inaanza kukauka kisha dakika chache, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari mbele. Mistari yote ifanywe mara moja, siku ileile, ili ishikane yenyewe kwa yenyewe pale pembe tatu zinakutana. Pale ndipo panavuja zaidi.

7. Lainisha. Pitisha kidole chenye glavu mara moja, kwa nguvu kidogo, toka mwanzo mpaka mwisho. Ukirudiarudia unaharibu. Toa skochi mara hiyo, kabla ngozi haijakauka, ukivuta kwa mshazari. Ukichelewa, skochi itang'oa mstari.

8. Acha. Musiguse kwa kuonja kama imekauka.

Kungojea

Silikoni inakauka kwa kunywa unyevu wa hewa, toka juu kuelekea ndani. Kwa kawaida inapata milimita 2 mpaka 3 kwa siku. Juu inaweza kuonekana kavu kisha saa moja, lakini ndani ingali maji. Kwa hiyo kuiweka juani au karibu na moto hakusaidii, hewa kavu inachelewesha. Saa 48 ni kidogo kabisa kwa mstari mwembamba. Sisi tunashauri siku 7. Kama bado inanuka vinegre, bado.

Kisha, jaribu tena vile mulivyofanya mwanzo: inje, magazeti makavu, robo, nusu, kujaa, na alama ya marker. Iache imejaa siku 2 au 3. Maji hayo ya kwanza yamwagwe, suuza, jaza tena na kumwaga. Hapo ndipo inaweza kuingia ndani ya nyumba.

Samaki wanakaa wapi wakati huo?

Kama akwariumu ilikuwa tayari na samaki, juma moja ni refu kwao. Waweke mu ndoo kubwa au beseni ya plastiki isiyowahi kubeba sabuni wala dawa, pamoja na maji yao ya zamani. Funika na wavu, wanaruka. Muwape chakula kidogo sana, na kila siku mubadilishe sehemu ya maji. Pompe ya hewa iendelee kama umeme upo.

Sponji ya filtre isioshwe na maji ya robine, wala isikaushwe. Ndani yake munaishi bakteria wanaokula uchafu wa samaki. Wakifa, akwariumu iliyopona itaanza upya, na samaki wanaweza kufa kwa uchafu wao wenyewe. Iweke ndani ya ndoo ya samaki.

Maji ya Regideso yana klore. Yaache mu chombo wazi saa 24, ukiyatikisa mara kwa mara, kabla ya kuyatia samaki. Kwa wanaochunga samaki wa ziwa Tanganyika, mujue kwamba maji ya ziwa hilo ni ya pekee: yana chumvi za madini nyingi na pH yake iko karibu 9. Maji ya mvua hayafanani nayo. Samaki hao wa kona za mawe, kama Tropheus, Julidochromis na Neolamprologus, wengi hawapatikani mahali pengine popote duniani, na watu wa Ulaya wanalipa pesa kuwachunga.

Jambo moja tena: akwariumu ikipasuka na mukashindwa kuchunga samaki, musiwatupe mu ziwa au mto ambao si wao. Samaki aliyehamishwa harudi. Sambaza tunaowala Bukavu na Goma hawakuwa mu Kivu: waliletwa toka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950, na leo wamejaa ziwa zima. Wao wametulisha. Mwingine anaweza kuleta hasara.

Umeme na uzito

Mvujo mdogo hauharibu kapeti tu. Maji na umeme vikikutana, mtu anakufa. Ralonji isiwekwe chini ya akwariumu wala sakafuni karibu nayo: iweke pembeni, juu. Kila kamba inayotoka mu akwariumu iteremke chini kidogo kuliko priza kabla ya kupanda kuingia, ili tone lidondoke sakafuni na si ndani ya priza. Kabla ya kutia mkono ndani ya maji, toa kila kitu kwenye priza. Kifaa cha kupasha maji kitolewe kwenye priza dakika 15 kabla ya kushusha maji, la sivyo kioo chake kinapasuka.

Kwa uzito: litre 200 za maji ni kilo 200. Ongeza vioo, karibu kilo 36 kama ni vya milimita 8, na mchanga na mawe. Munapita kilo 250, ni kusema magunia matano ya simenti juu ya meza moja, mchana na usiku. Meza iwe ya kazi hiyo, ipimwe na nivo. Meza iliyolala upande mmoja inavuta kona moja, na hata silikoni mupya itachoka hapo.

Maswali tunayopokea mara nyingi

Je, naweza kutumia gundi ya epoksi au lami? Lami hapana, inachafua maji. Epoksi inakauka ngumu, haivutiki, na vioo vinavyosukumwa na maji vinahitaji kitu kinachovutika kidogo.

Nifunge bila kutoa maji? Hapana. Silikoni inashika kwenye kioo kikavu tu.

Kazi hii inadumu muda gani? Ikifanywa kwenye kioo kisafi na ikingojewa, miaka mingi. Ikifanywa kwa haraka, siku chache.

Kazi yote inaomba asubuhi moja ya mikono na juma moja la kungojea. Anayekosa hilo juma, afadhali akwariumu ibaki tupu mpaka alipate.